Kidani cha helo: katikati uweke tanzanite, tsavorite au safaya?

Mwezi uliopita nilikaa karibu saa nzima na shemeji yangu kwenye kaunta ya sonara hapa Arusha, mbele yetu kitambaa cheusi na vidani vitatu vya helo. Anataka kumpa dada zawadi ya miaka kumi ya ndoa. Cha kwanza kina jiwe la tanzanite, cha pili tsavorite ya kijani, cha tatu safaya ya bluu. Kwa mbali vinalingana kabisa, ila ukiinama unaona mchezo ulivyochezwa: kwenye tanzanite jiwe lenyewe ni kubwa na vijiwe vyeupe vimezunguka mstari mmoja tu, kwenye tsavorite jiwe ni dogo kama punje ya choroko na vijiwe vimezunguka mistari miwili, safaya iko katikati ya hao wawili. Na bei hazijapishana sana. Shem akanigeukia, "sasa we ungechukua kipi?" Nikamuuliza, dada akienda kulala huwa anavua vitu vya shingoni? Akabaki ananitazama, miaka kumi hajui.

Sasa hilo swali ndo lilifungua mambo yote, kwa hiyo nimeamua niandike vizuri maana najua kuna wengi wamekwama hapohapo.

Kwanza tuelewane helo ni nini

Ni jiwe moja la rangi katikati, limezungushiwa vijiwe vidogo vyeupe, mara nyingi almasi. Kama umewahi kuona ile pete ya uchumba ya Diana wa Uingereza ya 1981, ambayo sasa anaivaa Kate, mke wa mwanawe William, basi umeiona helo: safaya ya karati 12 imezungukwa na almasi 14. Kazi ya vile vijiwe ni mbili, kulifanya jiwe la kati lionekane kubwa kuliko lilivyo, na kulipa mwanga pembeni ili rangi yake ichomoze. Shika hiyo ya kwanza maana tutairudia kwenye saizi, helo inamsaidia zaidi mwenye jiwe dogo.

Nitavipima vyote vitatu kwa mambo yaleyale: rangi, saizi na hela, ugumu, feki na kuchomwa (yaani jiwe kupigwa moto ili rangi yake ibadilike), halafu usafi na fundi. Mwisho nitaongelea helo yenyewe maana watu wanahangaika na jiwe la kati wiki tatu, kumbe kinachokuja kuwatoa machozi ni vile vijiwe vidogo.

Rangi

Tanzanite ina rangi inayohama. Mchana kwenye mwanga wa dirishani inavuta bluu, ukiingia ndani kwenye taa ya njano inavuta zambarau. Wengine wanaipendea hapo hapo na wengine inawaudhi, walinunua bluu wakavaa zambarau kwenye harusi. Kitu ambacho wauzaji hawakutangulizii ni kwamba tanzanite ikiwa ndogo huwa inapauka, ile bluu nzito iliyoiva unayoiona kwenye matangazo ni ya mawe makubwa. Ya milimita nne mara nyingi ni ka-zambarau kepesi, kazuri tu, ila usitegemee bahari ya usiku.

Tsavorite ni kinyume chake. Hata ikiwa ndogo kabisa rangi imejaa, kijani kinawaka kama jani la mgomba lililotoka kunyeshewa, na haiyumbi sana ukitoka nje au ukiingia ndani. Kwenye dhahabu ya njano na ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, mi naona hamna jiwe linaloifikia, ila hayo ni macho yangu. Tatizo lake ni kwamba mtu asiyependa kijani hapendi kijani, hamna namna.

Safaya inategemea sana imetoka wapi na imekatwaje. Kuna za bluu nyepesi, kuna za bluu ya kati ambazo ndo watu wanazilipia, na kuna nzito mno ambazo chini ya taa kali za dukani ni bluu lakini jioni sebuleni ni nyeusi tii. Kwa hiyo omba ruhusa, sogea nayo mlangoni, halafu iweke kwenye kivuli cha mkono wako uiangalie. Ikigeuka nyeusi hapo basi na kwenye send-off itakuwa nyeusi. Fanya hivyo kwa zote tatu, tena mbele ya muuzaji, asikutishe.

Saizi na hela

Hapa acha kuuliza karati, uliza milimita. Karati ni uzito, karati moja ni gramu 0.2, na haya mawe hayana uzito sawa. Safaya ndo nzito kuliko wenzake, tsavorite inafuata, tanzanite ni nyepesi. Maana yake karati moja ya tanzanite inaonekana kubwa kwa macho kuliko karati moja ya safaya, na kidani kinaangaliwa kwa macho, hakiwekwi kwenye mzani.

Tanzanite unaipata kubwa na safi bila kuuza kiwanja. Kuna zile za yule mchimbaji wa Simanjiro, Saniniu Laizer, mwaka 2020 aliuza serikalini mawe mawili ghafi, moja kilo 9.27 na jingine kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Hizo ni za maajabu, lakini zinakuonyesha hili ni jiwe ambalo ukubwa linauweza. Ndo maana kwangu mimi tanzanite inahitaji helo nyembamba tu, au isihitaji kabisa.

Tsavorite nzuri ikivuka karati mbili tatu inaanza kuwa adimu na bei inaruka sio kupanda. Lakini ndogo yenye rangi kali inapatikana, na hapo ndo helo inafanya kazi yake ya halali. Jiwe la milimita tano ukilizungushia vijiwe linasomeka kama la milimita nane hivi, na rangi haijapungua hata chembe.

Safaya nzuri ya asili, kwa jiwe lenye ubora unaolingana na hizo nyingine, mara nyingi ndo inayokamua mfuko zaidi, na kama ina karatasi ya maabara inayosema haijachomwa bei inapaa tena. Ila ina ngazi nyingi za bei kuliko wenzake wawili, kwa hiyo mwenye hela ya kawaida bado anapata kitu, rangi tu itakuwa nyepesi kidogo au nzito kidogo.

Ugumu

Kwenye kile kipimo cha ugumu cha 1 mpaka 10, almasi ni 10, safaya ni 9, tsavorite ni 7 mpaka 7.5, tanzanite ni 6 mpaka 7. Namba zenyewe hazikuambii kitu mpaka ukumbuke mchanga. Vumbi letu hili lina chembe za mchanga ambazo ugumu wake ni 7. Kwa hiyo tanzanite ukiifuta kavu kwa upande wa kanga kila siku unaipiga msasa mwenyewe bila kujua, miaka mitatu mbele unashangaa mbona haing'ai kama zamani. Tsavorite iko mpakani, inavumilia. Safaya haina habari na vumbi.

Tena tanzanite ina udhaifu mwingine, ina upande ambao ikigongwa vibaya inapasuka kwa mstari, kama kuni iliyopasuliwa kufuata nyuzi zake. Tsavorite na safaya hazina huo upande.

Lakini tusiogopeshane. Hiki ni kidani, sio pete. Pete inagonga sinki, mlango wa daladala, meza. Kidani kinakaa kifuani, kinakutana na kitambaa na ngozi, kwa hiyo tanzanite ambayo nisingemshauri mtu aweke kwenye pete ya kila siku, kwenye kidani inaishi vizuri kabisa kama mwenyewe anakivua usiku na akiingia kuoga. Ndo maana lile swali la kwanza. Kuna mtu anavaa kitu mpaka anazikwa nacho, na kuna mtu akirudi nyumbani anaanza na hereni, saa, mkufu, mpaka anabaki na dera tu.

Feki na kuchomwa

Karibu tanzanite zote za bluu sokoni zimechomwa. Inatoka ardhini kwenye machimbo ya Mererani mara nyingi ikiwa na ukahawia, inapigwa moto wa nyuzi 500 na kitu mpaka 600, ukahawia unaondoka inabaki bluu na zambarau. Hii sio utapeli, ni kawaida ya biashara na rangi hairudi nyuma. Utapeli ni kioo cha rangi, au jiwe jingine la kutengenezwa kiwandani, au tanzanite iliyopauka iliyopakwa rangi kwa juu. Jaribio la mtaani: ishike ikiwa haina kitu nyuma yake, igeuze taratibu, tanzanite itakuonyesha bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Kioo kinabaki rangi ileile hata ukigeuze mpaka jioni. Haitoshi kwa asilimia mia, kuna mawe mengine ya bei chee nayo yanageuka rangi, lakini inawaondoa matapeli wavivu.

Tsavorite ndo mwenye amani hapa. Ni jamii ya ganeti, kwa kawaida haichomwi wala haifanyiwi chochote zaidi ya kukatwa na kung'arishwa, ulivyoiona ndivyo ilivyotoka. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta huku Tanzania mwaka 1967, mwaka uleule wa tanzanite, baadae akaipata tena Kenya upande wa Taita, ndo kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani ikaipa jina la mbuga ya Tsavo ya hukohuko Kenya. Jirani zetu wakabaki na jina, hilo tumeshalisamehe. Cha kuangalia ni usiuziwe kioo cha kijani au tomalini ya kijani. Tomalini ukiigeuza inabadilika, upande mmoja kijani kizito upande mwingine chepesi. Tsavorite habadiliki, kijani ni kilekile.

Safaya ndo penye kazi. Nyingi zimechomwa kwa moto wa zaidi ya nyuzi 1,500, na hilo linakubalika ukiambiwa. Kuna zinazoongezewa rangi wakati wa kuchomwa, hizo bei yake inapaswa iwe chini sana. Halafu kuna za kutengenezwa. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza rubi kwa moto mwaka 1902, safaya ikafuata miaka michache baadae, kwa hiyo hata kile kidani cha urithi cha bibi kinaweza kuwa na safaya ya kiwandani na hamna aliyedanganya. Kwa macho hutatofautisha, mimi sitatofautisha, na sonara wengi hawatatofautisha bila vifaa. Safaya ya hela nyingi bila karatasi ya maabara inayojulikana, mi natoka nje. Nikisema hivyo sio kwamba ya kutengenezwa ni mbaya, ni ngumu ileile 9 na rangi inavutia, ilimradi umelipa bei ya kutengenezwa.

Na kama kidani kinavuka mpaka, unamtumia mtu Muscat au Minnesota, muulize muuzaji habari za risiti na kibali cha kutoa madini nje kabla hujalipa. Usiulize ukiwa uwanja wa ndege wa KIA na begi limeshafunguliwa.

Kusafisha na kwenda kwa fundi

Zote tatu: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo tone moja, mswaki laini wa mtoto, unapitisha hasa kwa nyuma, unasuuza kwenye bakuli (sio kwenye sinki lililo wazi, tafadhali), unakausha na kitambaa laini. Basi.

Tofauti inakuja ukikipeleka kwa fundi. Wengi wana ile mashine ya maji inayotetemesha uchafu. Safaya ya kawaida inaivumilia, tsavorite bora isiingie hasa kama ndani yake ina nyufa ndogo, tanzanite USITHUBUTU. Mdogo wangu alipeleka cha kwake kikafutwe tu kwa ajili ya Idi, fundi akakitumbukiza mle pamoja na bangili za watu, kikarudi kinang'aa kweli kweli, na ndani ya jiwe kuna mstari mweupe mwembamba kama unywele umelala. Fundi akasema ulikuwepo. Labda. Hatukuwa na picha ya kabla, tangu siku hiyo nyumbani kwetu kila kitu kinapigwa picha kwanza kwa karibu ndo kinakabidhiwa.

Moto nao hivyohivyo. Kucha, yaani kale kameno ka dhahabu kanakoshika jiwe, ikivunjika na fundi anataka kuchomelea, tanzanite lazima itolewe kwanza au atumie leza, joto la ghafla linaipasua. Tsavorite pia itolewe. Safaya ndo inayostahimili zaidi, ila fundi makini ataitoa hiyo pia.

Helo yenyewe

Haijalishi umechukua jiwe gani, angalia haya.

Vile vijiwe vidogo ni nini? Almasi na moisanaiti (jiwe la kiwandani linalofanana na almasi) ni vitu vya kudumu. Zirkonia, almasi ya kuiga, ni ya bei rahisi na siku ya kwanza inang'aa kuliko almasi, ila baada ya muda inafifia, na jiwe zuri katikati ya helo iliyofifia linaonekana kama limezungukwa na chumvi. Uliza, waandike kwenye risiti.

Dhahabu gani? Huku kwetu tunapenda karati 21 na 22 ya Dubai (kwenye dhahabu karati ni usafi wake, sio uzito), muhuri 875 au 916, na kama bangili au kitu cha akiba sina ubishi. Lakini kwa helo ni laini mno. Kila kijiwe kimeshikwa na vikucha vyembamba kama uzi, kwenye dhahabu laini vinafunguka vyenyewe. Muhuri 750 au 585 ndo unaofaa, yaani karati 18 au 14. Fedha 925 inawezekana kwa bajeti ndogo, ila itakuwa nyeusi na kucha zake ziangaliwe mara kwa mara. Dhahabu nyeupe nayo jua kwamba ule weupe wa juu huwa ni mpako wa metali ya rodiamu, baada ya muda unaisha inabidi ipakwe tena.

Pitisha mtandio wako juu yake. Hiki ndo kipimo changu namba moja na hakuna mtaalamu aliyenifundisha. Shifoni ikinasa hata uzi mmoja, kuna kucha haijalala vizuri, na wewe unayevaa ushungi kila siku utakuwa unaivuta kila siku mpaka itoe kijiwe. Wavaa ushungi waulizie helo ambayo vijiwe vimezamishwa kwenye ukingo wa dhahabu badala ya kucha.

Halafu kitikise karibu na sikio. Ukisikia kasauti kama ka mchele kwenye kopo kuna kijiwe kimelegea. Kivae usimame, utembee hatua tano: kama kile kitundu kinachopita mkufu kimewekwa chini mno au mzigo wote uko juu, kidani kitageuka na utamaliza sherehe unawaonyesha watu mgongo wa dhahabu. Na nyuma kuwe wazi, mwanga uingie na mswaki upite, maana poda. Akinamama mnajua, ukitoka kuoga poda shingoni na kifuani, mafuta juu yake, marashi kidogo, kidani ndo kinafuata. Ndani ya mwezi ule mchanganyiko umeziba kila tundu la helo na jiwe limekuwa kipofu.

Kwa hiyo wewe uko wapi

Kama hukivui, unalala nacho, unaoga nacho, una mtoto mchanga anayevuta kila kitu: safaya, na vijiwe vilivyozamishwa. Hela haifiki kwenye safaya ya asili? Chukua ya kutengenezwa kwa bei yake, bila aibu.

Kama ni cha kutokea, harusi, Idi, Krismasi, kikao cha wazazi, na unataka jiwe lionekane kutoka meza ya nyuma: tanzanite kubwa, helo nyembamba. Pia kama zawadi inaenda kwa mtu aliye mbali na unataka awe na kitu cha kwetu ambacho hakichimbwi kwingine duniani, hapo hoja ni nyepesi. Ila mwandikie karatasi ya namna ya kukitunza uiweke kwenye boksi.

Kama bajeti inaruhusu jiwe dogo tu na hutaki rangi ipauke, au wewe ni mtu wa kutotaka maswali ya imechomwa au haijachomwa: tsavorite, helo pana, dhahabu ya njano.

Kama mvaaji kazi yake ni ofisini kwenye taa nyeupe siku nzima, tanzanite itamkalia bluu muda mwingi. Kama maisha yake ni jioni na taa za njano, ajue itakuwa zambarau, na safaya nzito itakuwa nyeusi.

Na kama mvaaji anapenda nyekundu mbona unamlazimisha, kuna rubi, kuna spineli ya Mahenge ambayo ni ngumu 8 na wengi bado hawaijui, vigezo ni hivihivi.

Shem alimpigia simu mama mkwe kwa siri akauliza kuhusu kulala. Jibu: dada havui kitu, hata hereni. Safaya aliyoipenda haikuwa na karatasi, kwa hiyo akabeba tsavorite, karati 18, mistari miwili. Juzi dada kanitumia picha amekivaa, anacheka mpaka jino la mwisho, kijani kinawaka, na nikikuza picha naona mstari wa chini wa helo umeshajaa poda. Nikamjibu neno moja, mswaki.